Gary Kildall: Gwiji wa amri za tarakilishi aliyepitwa na utajiri

KILA uchao mamilioni ya watu huwasha tarakilishi zao na kukuta kazi zao zimehifadhiwa mahali panapoitwa C. Ni wachache wanaojiuliza A na B zilikwenda wapi, na ni wachache zaidi wanaomfahamu mtu aliyewazoesha watumiaji wa tarakilishi ndogo kuziita diski zao kwa herufi hizo.

Mtu huyo ni Gary Kildall, msomi wa Marekani aliyeaga dunia mnamo Julai 11, 1994, akiwa na umri wa miaka 52.

Kildall ndiye aliyebuni CP/M, mfumo wa kwanza wa uendeshaji uliotapakaa katika tarakilishi ndogo za kila aina. Kupitia mfumo huo, karani, mhasibu na mwandishi waliweza kuketi mbele ya kiwambo, kuandika neno moja au mawili, kisha mashine ikawatii.

Hata hivyo, jina lake halikuvuma kama la Bill Gates. Utajiri uliotokana na wazo lile ulimpita karibu, ukaingia nyumba ya jirani. Kisa chake kingali kinazua mjadala miongoni mwa wapenzi wa historia ya teknolojia.

Mwana wa walimu wa mabaharia

Kildall alizaliwa Mei 19, 1942 katika mji wa Seattle, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Jamaa yake ilimiliki chuo cha kuwafunza mabaharia namna ya kuongoza vyombo baharini, na yeye mwenyewe alifundisha humo akiwa kijana.

Mnamo 1963 alimwoa Dorothy McEwen, mpenzi wake tangu siku za shule. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington akinuia kuwa mwalimu wa hisabati, lakini huko akakutana na tarakilishi na moyo wake ukabaki hapo. Mnamo 1972 alihitimu shahada ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi.

Wakati huo Marekani ilikuwa vitani nchini Vietnam, na vijana walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima. Kildall alitimiza wajibu huo darasani badala ya melini, kwa kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji mjini Monterey, California. Hata baada ya muda wake wa utumishi kwisha, aliendelea kufundisha huko kwa miaka kadhaa.

Kampuni ya Intel ilipoanza kuuza prosesa yake ya kwanza, 4004, mwishoni mwa 1971, wengi waliiona kama kifaa cha kuendeshea kikokotoo tu. Kildall aliona mbali zaidi. Alinunua moja na kuanza kuiandikia programu za kupigia hesabu za pembetatu, zile zile ambazo mabaharia huzitegemea kujua walipo.

Kazi hiyo ilimfungulia mlango wa Intel, akawa mshauri wa kampuni hiyo huku akiendelea kufundisha. Aliiandikia lugha ya kuundia programu iitwayo PL/M, ambayo iliwaepushia wahandisi taabu ya kuandika maagizo ya mashine tarakimu kwa tarakimu.

Kuzaliwa kwa CP/M

Tatizo lililomkera Kildall lilikuwa la kuhifadhi kazi. Tarakilishi ndogo za siku hizo zilitumia utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kusoma programu moja kutoka kwenye utepe kulichukua dakika nyingi, na utepe ukichanika kazi yote ilikwenda na maji.

Dawa yake ilikuwa diski laini, kifaa kilichokuwa kigeni wakati huo. Kildall alipata kiendeshi cha diski, lakini hakuwa na saketi ya kukiunganisha na tarakilishi yake. Rafiki yake wa tangu chuoni, John Torode, ndiye aliyemtengenezea saketi hiyo.

Mnamo 1974, nyumbani kwake katika mji mdogo wa Pacific Grove, kilomita chache kutoka Monterey, mfumo wake ulifanya kazi kwa mara ya kwanza. Diski ilizunguka, na mashine ikakaa kusubiri amri. Katika CP/M iliyokuja kuuzwa, kiwambo kilionyesha herufi A ikifuatwa na alama ya mshale.

Alama hiyo fupi ilikuwa na maana kubwa. Ilimwambia mtumiaji kwamba diski ya kwanza, A, ndiyo inayotumika, na kwamba sasa ni zamu yake kusema. Alitaka kuhamia diski ya pili, aliandika B na nukta mbili, basi. Kildall aliliazima wazo la kuzipa diski herufi kutoka mifumo ya tarakilishi kubwa za IBM, akalipunguza likatosha mashine ya mezani.

Intel haikuona haja ya kuuza mfumo huo. Kildall na mkewe waliamua kuuza wenyewe, wakaanzisha kampuni waliyoipa jina la mzaha lenye kudai kuvuka galaksi, Intergalactic Digital Research. Baadaye neno la kwanza liliondolewa.

Amri chache, kazi nyingi

Siri ya CP/M ilikuwa uchache wa mambo ya kukariri. Tarakilishi nyingi zilizoitumia zilikuwa na kumbukumbu isiyozidi kilobaiti 64, kiasi ambacho leo hakiwezi kubeba hata picha moja ya simu. Hivyo kila amri ilipaswa kuwa fupi na yenye manufaa.

Amri ya DIR ilionyesha orodha ya faili zilizomo kwenye diski. TYPE ilionyesha maandishi ya faili kwenye kiwambo. REN ilibadilisha jina la faili, na ERA ilifuta. Mtu aliyejifunza amri hizo nne asubuhi moja aliweza kuanza kazi alasiri.

Utamu wenyewe ulikuwa katika alama mbili za badala. Nyota ilisimama mahali pa herufi zozote, na alama ya kuuliza mahali pa herufi moja. Kwa hiyo, aliyeandika DIR *.TXT aliona faili za maandishi peke yake. Aliyetaka kuondoa nakala za zamani zote kwa pigo moja aliandika ERA *.BAK, nazo zikatoweka.

Amri yenye nguvu kama hiyo ilihitaji tahadhari. Mtu alipoamuru faili zote za diski zifutwe kwa kuandika ERA *.*, mfumo ulimuuliza kwanza kama kweli anakusudia hivyo, naye akajibu kwa herufi moja ya kukubali au kukataa. Swali hilo liliokoa kazi za wengi.

Kulikuwa pia na programu ya PIP, jina ambalo Kildall aliliazima kutoka mashine za kampuni ya Digital Equipment. Kazi yake ilikuwa kuhamisha data kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kanuni yake ilifanana na ya hesabu, kwamba kinachopokea kiko kushoto na kinachotoa kiko kulia, na alama ya usawa iko katikati.

Aliyetaka kunakili barua zake zote kutoka diski A hadi diski B aliandika PIP B:=A:*.TXT. Akiongeza herufi V ndani ya mabano ya mraba mwishoni, mashine ilihakiki kwamba nakala ni sawa na asili. Mwandishi mwenye sura tatu katika faili tatu aliweza kuziunganisha kuwa kitabu kimoja kwa kuzitaja zote upande wa kulia, zikitenganishwa kwa koma.

Hata printa ilihesabiwa kuwa mahali pa kupelekea faili. Badala ya jina la diski, mtumiaji aliandika LST na nukta mbili, na maandishi yakatoka kwenye karatasi.

Maagizo ndani ya faili

Pengine zawadi kubwa zaidi kwa mtumiaji wa kawaida ilikuwa programu ya SUBMIT. Kupitia kwayo, mtu aliandika mfululizo wa amri ndani ya faili moja yenye jina linaloishia na SUB, kisha akaziamuru zote kwa mstari mmoja.

Chukua mfano wa karani ambaye kila jioni alipaswa kunakili barua kwenye diski ya akiba, kuihakiki, kuichapisha na kufuta nakala kuukuu. Bila SUBMIT, angeandika amri moja, asubiri, aandike nyingine, na uchovu ungemfanya akosee. Kwa SUBMIT, alizipanga amri hizo mara moja tu, na mahali pa jina la barua akaweka alama ya dola na tarakimu 1.

Tangu siku hiyo, kazi yake ilikuwa kuandika neno SUBMIT, jina la faili ya maagizo na jina la barua ya siku ile. Mashine ilijaza jina hilo kila palipokuwa na alama ya dola, ikatekeleza amri moja baada ya nyingine, naye karani akaenda kunywa chai.

Huko ndiko kuandika hati za amri kulikowafikia watu wa ofisini. Wataalamu wa tarakilishi kubwa walikuwa na desturi hiyo tangu zamani, lakini CP/M iliifikisha kwenye meza ya mtu ambaye hakuwahi kusomea uhandisi.

Kildall alifanya jambo jingine ambalo watumiaji hawakuliona kwa macho. Kila kiwanda kiliunda tarakilishi yake kwa namna yake, na programu ya mashine moja haikukubali nyingine. Yeye aliitenga ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vifaa, akaiita BIOS, ili kiwanda kiibadilishe sehemu hiyo tu na kuacha nyingine zote zilivyo.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Programu ya kuandikia barua ya WordStar na ile ya kutunzia data ya dBase II ziliweza kuuzwa kwa wenye mashine za viwanda mbalimbali, mradi zilitumia CP/M. Soko la programu likapanuka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Pacific Grove ilikuwa imeshika usukani wa mifumo ya tarakilishi ndogo.

Siku ambayo IBM ilibisha hodi

Mnamo 1980, kampuni kubwa ya IBM iliamua kuunda tarakilishi ya mezani kwa haraka. Wajumbe wake walimwendea kwanza Bill Gates, wakidhani Microsoft ingeweza kuwauzia mfumo wa uendeshaji. Gates, ambaye wakati huo aliuza lugha za kuundia programu, aliwaelekeza kwa Kildall.

Wajumbe walipofika Pacific Grove, Kildall alikuwa amesafiri kwa ndege yake ndogo kumwona mteja. Urubani ulikuwa moja ya raha zake kuu. Ilibaki kwa Dorothy, aliyesimamia shughuli za biashara, kuwapokea.

IBM ilitaka kampuni hiyo itie sahihi mkataba wa kutunza siri kabla ya neno lolote kusemwa. Dorothy na wakili wa kampuni waliuona mkataba huo ukiielemea mno IBM, wakasita. Saa zikapita.

Kuhusu yaliyofuata, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kuna wanaosimulia kwamba Kildall alirejea alasiri hiyo na mazungumzo yakafanyika, na kuna wanaoshikilia kwamba wageni waliondoka bila kumwona. Lisilo na ubishi ni kwamba makubaliano hayakupatikana, hasa kuhusu malipo. IBM ilipendelea kulipa kitita mara moja, ilhali Kildall alizoea kupata mrahaba kwa kila nakala.

Baadaye uvumi ulienea kwamba alikwenda kujiburudisha angani na kuitupa bahati ya maisha yake. Jamaa na marafiki zake walisisitiza kuwa safari ile ilikuwa ya kikazi, na masimulizi hayo yalimuumiza hadi mwisho wa maisha yake.

IBM ilirudi kwa Gates. Mjini Seattle, mji alikozaliwa Kildall, mhandisi Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products alikuwa ameandika mfumo uliofuata mtindo wa CP/M ili utumike kwenye prosesa mpya ya Intel, 8086. Microsoft ilipata leseni ya mfumo huo, na mnamo Julai 1981 ikaununua moja kwa moja kwa dola 50,000. Huo ndio uliokuja kuitwa MS-DOS.

Tarakilishi ya IBM ilizinduliwa Agosti 12, 1981. Kildall alipouona mfumo wake, aliona amri zilizofanana na zake, herufi za diski zile zile, na majina ya faili yenye herufi nane, nukta na herufi tatu. Alilalamika na kutishia kwenda mahakamani.

Sheria ya hakimiliki ya programu ilikuwa changa, na kesi dhidi ya IBM ingegharimu mali na miaka. Walikubaliana kwamba IBM iuze pia CP/M-86, toleo la Kildall kwa mashine hiyo, na yeye asiishtaki.

Bei zilipotangazwa, ilidhihirika kwamba mapatano hayo hayakuwa na tija. Mfumo wa Microsoft uliuzwa kwa dola 40, ule wa Kildall kwa dola 240. Mnunuzi hakuhitaji kupiga ramli ili ajue achague upi.

Miaka ya mwisho

Kildall hakuketi kulia. Katika miaka ya 1980 alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha runinga cha Computer Chronicles, ambako aliwaeleza watazamaji mambo magumu kwa upole wa mwalimu. Mnamo 1985, kampuni nyingine aliyoianzisha ilishiriki katika kuiweka ensaiklopidia ya Grolier kwenye diski ya CD-ROM, wakati ambapo wengi hawakuwa wameiona diski hiyo.

Ndoa yake na Dorothy ilivunjika mnamo 1983. Mnamo 1988, Digital Research ilitoa DR-DOS, mfumo uliokubali programu za MS-DOS na ambao wengi waliusifu kwa ubora. Mnamo 1991 kampuni hiyo iliuzwa kwa Novell. Kildall akawa tajiri wa kutosha kuishi raha mustarehe, ila si kwa kiwango cha yule aliyechukua nafasi yake.

Waliomjua wanaeleza kwamba kilichomwuma kilikuwa kulinganishwa daima na Gates, na kuonekana kama mtu aliyeshindwa. Katika miaka yake ya mwisho ulevi ulimsumbua. Mnamo 1993 aliandika kumbukumbu za maisha yake na kuwagawia jamaa na marafiki wachache.

Julai 8, 1994 aliumia kichwani katika baa moja mjini Monterey. Namna alivyoumia haikubainika wazi. Siku tatu baadaye alifariki hospitalini, na akazikwa Seattle, mji aliozaliwa.

Heshima zilimfuata akiwa kaburini. Mnamo 1995 chama cha wachapishaji programu nchini Marekani kilimtunuku kwa mchango wake. Mnamo Aprili 2014, miaka 40 baada ya mfumo wake kuzaliwa, taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka bamba la kumbukumbu mbele ya jengo lililokuwa makao ya kampuni yake Pacific Grove. Mnamo 2016, kwa ridhaa ya familia, sehemu ya kumbukumbu zake ilitolewa kwa umma na Makumbusho ya Historia ya Tarakilishi ya California.

Urithi ulio mezani

Urithi wa Kildall hauhitaji safari ya makumbusho. Katika miaka ya 1990, vyuo vya tarakilishi nchini Kenya vilianza mafunzo kwa MS-DOS, na wanafunzi waliokariri DIR, REN na TYPE walikuwa wakijifunza maneno ya mtu ambaye jina lake halikutajwa darasani.

Hata leo, anayefungua dirisha la amri katika Windows ataikuta alama ya mshale ikimsubiri. Akiandika dir *.txt, atapata orodha ya maandishi yake. Akiandika ren *.jpeg *.jpg, picha mia moja zitabadilishwa mwisho wa majina yake kwa kufumba na kufumbua, kazi ambayo kwa kipanya ingemlaza njaa.

Mwenye sura mbili za ripoti ataziunganisha kwa copy sura1.txt+sura2.txt ripoti.txt. Anayehitaji orodha ya faili zote za folda kwa ajili ya ofisi ataandika dir /b > orodha.txt. Alama hiyo ya kuelekeza matokeo ilitoka kwa mifumo ya Unix, lakini amri inayotangulia ni ile ile ya Pacific Grove. Na amri hizo zikipangwa ndani ya faili inayoishia na bat, hapo mtu anafuata desturi ile ile ya SUBMIT.

Kuhusu herufi, A na B ziliachiwa diski laini, ambazo karibu zimetoweka kabisa. Diski ngumu ilipokuja, ilipewa herufi iliyofuata, nayo ni C. Nafasi zile mbili zimebaki wazi hadi leo katika tarakilishi nyingi, kama viti vya wazee walioondoka.

Biashara humkumbuka aliyeuza, na Gates aliuza kwa ustadi usio na kifani. Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla ya mauzo hayo, alikuwapo mwalimu wa Monterey aliyeamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kuiamuru mashine kwa maneno machache, akayatafuta maneno hayo na kuyaweka mikononi mwake.